Siku Niliyompulizia Mgeni Salfa

Acha niseme mwenyewe kabla Zamda hajawasimulia, maana Zamda akisimulia jambo analiongezea mikono na miguu, mara nilianguka kifudifudi, mara kanga ilinivuka mbele za watu, na hayo hayakutokea (kanga ilishuka kidogo tu). Aibu ni yangu na siikatai. Lakini hasira nayo ni yangu, na najua nikisimulia nitakasirika upya, kwa hiyo asiyependa kusikia mwanamke mzima akifoka aishie hapa hapa.

Nina mjukuu, Rukia. Nimemlea tangu ana miaka mitatu, hapa hapa Nambambo, na kusoma nimemsomesha kwa korosho zangu, shule mpaka chuo, akatoka na cheti cha uhazili, yaani kuandika barua na kupanga mafaili na kusema "karibu, nikusaidie nini" kwa watu asiowajua. Mimi niliishia darasa la nne, nikaolewa, nikashika jembe. Cheti kile nikakitia fremu nikakitundika juu ya kitanda changu mimi, siyo chake, na mtu akija hata kuazima chungio nilikuwa namwingiza chumbani akione.

Akapata kazi Nachingwea mjini, ofisini kwa muuza vifaa vya ujenzi. Mwaka mmoja tu, huyoo, amerudi na begi lake na mashine ya kupuliza mikorosho, ile ya kubeba mgongoni yenye injini, inanguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Nikamuuliza, umefukuzwa?

"Hapana, Bibi, nimeacha. Kule nilikuwa naangalia saa ya ukutani kutwa nzima. Hii ndiyo kazi ninayoipenda."

Anayoipenda! Hebu niambieni nyie wa rika langu, sisi nani alituuliza tunapenda nini? Nimelima ufuta, nimeokota korosho mpaka mgongo umepinda, nimebeba mbaazi kichwani na mimba tumboni, na hakuna hata siku moja mtu alinisimamisha njiani akasema, mama, kazi hii unaifurahia? Unafanya kwa sababu kuna tumbo. Sasa huyu niliyemtoa vumbini anarudi vumbini kwa miguu yake na anacheka!

Na vumbi lenyewe si la kawaida. Kwa wasiojua mikorosho yetu, maua yakianza kutoka huingia ugonjwa wa ubwiri unga, yanakauka, mwaka huo huokoti kitu, na dawa yake ni salfa, unga wa njano unaonuka kiberiti, unapulizwa alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani ili ushike. Basi Rukia alikuwa anatoka gizani na kurudi saa tatu amekuwa wa njano, kope za njano, masikio ya njano, hata akitema mate ni ya njano. Wapulizaji wote niliowajua maishani mwangu ni wanaume. Watu wakawa wanabisha hodi kwangu: "Bibi, mpulizaji yupo?" Mpulizaji! Mwenye cheti ukutani!

Nikampigia simu Hashimu, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana kazi nzuri Ruangwa mjini, kwenye kampuni fulani (siitaji, yenyewe haina kosa). Akasema, "Shangazi, nafasi ya mapokezi ipo, na bosi ameniachia mimi nitafute mtu. Nakuja Jumamosi nimwone." Nikamwambia njoo baba, utakuta binti mtulivu, jua halijui, mikono laini kama ya mtoto mchanga. Rukia nikamwambia Ijumaa jioni.

"Bibi, sitaki."

"Sijakuuliza. Utaoga, utavaa lile gauni la kijani, utakaa."

"Jumapili nina mikorosho ya Mama Salima kule Likunja. Ni mjane, hana mtu mwingine, na maua yameshatoka. Nimempa neno langu."

"Jumapili ni yako. Mimi nasema Jumamosi."

Akanyamaza. Rukia akinyamaza usidhani amekubali, lakini mimi nilidhani.

Jumamosi alikwenda kupuliza kwa jirani kama kawaida, akarudi, akaijaza mashine salfa ya kwenda nayo Likunja, ndiyo pekee iliyokuwa imebaki na dukani mjini ilikuwa imekwisha, akaiweka barazani. Nikamsukumia bafuni uani na ndoo mbili na dodoki, nikamwambia usitoke mpaka masikio yarudi rangi yake. Mashine nilitaka kuihamisha, ikanishinda uzito, nikaifunika kanga. Nilikuwa nimepika kuku, vitumbua, na mihogo ya nazi, na majirani watano nilikuwa nimewaita (nisiwafiche, niliwaita waone mjukuu wangu akichukuliwa ofisini). Na Hashimu naye akawahi, saa tatu na nusu huyo kwenye bodaboda, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

Kati ya majirani alikuwemo Zamda. Zamda ni Myao, mimi Mmwera, ni mtani wangu, na huku kwetu mtani hakasirikiwi. Anaweza kuja msibani kwako akashuka kaburini akajilaza kabla ya maiti, na wewe mfiwa unacheka na kumpa chochote atoke. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako. Basi alipofika tu barazani akaivuta ile kanga.

"Hee! Mmwera, maiti gani huyu umemvika kanga nzuri hivi na sisi hujatuita kuzika?"

Watu wakacheka. Hashimu akainama kutazama. "Shangazi, hii si mashine ya salfa? Ya nani?"

Ningeweza kusema ya jirani. Ningeweza kusema kuna mtu kaiacha hapa. Ningeweza, Mungu ananiona, kusema kweli. Mdomo wangu ukasema, "Yangu."

"Yako?"

"Yangu. Napuliza mwenyewe."

Zamda alijua. Mikorosho yake mwenyewe ilipulizwa na Rukia wiki iliyotangulia! Akajipiga paja. "Jamani, kumbe mtani wangu ni fundi na mimi nahangaika kutafuta mpulizaji! Basi ibebe tukuone."

"Nimechoka leo."

"Mmwera gani anachoka mbele ya Myao? Ibebe! Au si yako?"

Mbele ya majirani watano na Hashimu na dereva wa bodaboda, ningefanyaje? Nikageuza mgongo. Dereva akaninyanyulia, akanifunga mikanda, magoti yakaniambia wewe mama una wazimu. Akavuta kamba ya kuwashia, haikuwaka. Akavuta tena, haikuwaka, nikamshukuru Mungu na kuanza kusema mnaona, imeharibika. Ya tatu ikawaka.

Nyie, kile kitu kinatetemesha mpaka meno. Pale pembeni kuna kishikio cha kuongeza moto na kingine cha kufungulia unga, nami sikujua kipi ni kipi, nikavishika vyote nikavivuta mpaka mwisho ili inyamaze. Bomba likaruka mkononi likamwangalia Hashimu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anapeleka paja la kuku mdomoni. Sikumwona tena. Niliona wingu, na ndani ya wingu sauti inakohoa "Shangazi! Shangazi!" Nikageuka nimwondolee, bomba likageuka na mimi, likapita kwenye vitumbua, kwenye mihogo, kwa majirani kwenye mkeka, likamkuta Zamda amefungua kinywa chote anacheka, nacho kikajaa. Kila niliyemgeukia kumwomba radhi nilimpuliza.

Ndipo Rukia akatoka bafuni mbio, kanga moja kifuani na nyingine begani, povu sikioni, akanifikia kwa nyuma, akabonyeza kitu kimoja tu kwa kidole na ngurumo ikafa. Kidole kimoja! Kisha akaanza kuamrisha.

"Msifikiche macho! Nimesema msifikiche! Leteni maji, mengi!"

Akamshika Hashimu kichwa, akamlaza upande, akammiminia maji jichoni polepole, akamwambia fumbua, fumba, fumbua, na yule bwana wa ofisini anatii kama ndama. Alipoweza kuona akautazama mkono uliomshika, una sugu na kucha za njano.

"Wewe ndiye Rukia? Shangazi alisema mikono laini."

"Ndiye mimi, mjomba. Mashine ni yangu. Bibi hajawahi kuishika mpaka leo. Na hiyo nafasi nashukuru, mpe mtu anayeitaka."

Hivyo hivyo, mbele ya wote. Nami badala ya kunyamaza nikamgeukia Zamda, aliyekuwa anatema njano na bado anacheka, nikamtukana. Siyo utani. Nilimtukana tusi la kweli, na la mama yake. Hashimu akakung'uta shati, salfa ikazidi kuingia, akasema kwa uchungu, "Na binti wa kazi kama hii, Shangazi, nani atamuoa?"

Hapo sijui kilichonipanda. "Nani kakuomba posa? Umekuja kumpa kazi au kumtafutia mume? Nenda zako!" Akaenda. Nimemfukuza mgeni niliyemwita mwenyewe, kwa kusema maneno ambayo mimi nilikuwa nayasema kila siku jikoni.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Rukia akafungua mfuniko wa mashine, akachungulia, akakaa chini kwenye ngazi. Salfa ilibaki kama viganja viwili. Alipoacha ofisi ile, mwaka mzima wa maisha yake, hata chozi sikuliona. Siku ile alilia kwa salfa.

"Maua hayasubiri, Bibi. Nimwambie nini Mama Salima?"

Nilijua ni nani mwenye salfa iliyobaki. Mfuko mzima, nyuma ya mlango wake, niliuona kwa macho yangu. Zamda.

Kutoka kwangu mpaka kwa Zamda ni nyumba nne, na sijawahi kutembea mbali namna ile. Nikabeba jogoo wangu mwekundu, maana mtani akikasirikiwa hutozwa faini, nikamkuta barazani na watu wale wale wanasimuliana, bado wana njano masikioni.

"Nimekuja na faini," nikasema. "Na nina shida na ule mfuko wako wa salfa. Rukia atakurudishia."

"Tusi lilikuwa la kweli, Mmwera. Mama yangu yuko kaburini."

"Najua. Nimekosa."

"Jogoo hatoshi." Hakuwa anacheka. "Sema hapa, watu wasikie. Ile mashine ya nani?"

Nilitamani kumrushia jogoo usoni. Nikasema, "Ya Rukia."

"Rukia ana kazi gani?"

"Mpulizaji."

"Sisikii."

"Mpulizaji!" nikafoka, watoto wa nyumba ya pili wakatoka kutazama. "Mjukuu wangu ni mpulizaji wa mikorosho, na mwaka huu ukiokota korosho nyingi ujue ni yeye, Myao wewe usiye na haya!"

"Hapo sasa," Zamda akasema, akaingia ndani, akauburuta mfuko.

Jioni ile tukaenda Likunja, nami nilikwenda, Rukia hakunikaribisha wala hakunikataza, tukalala kwa Mama Salima. Alfajiri baridi ya mwezi wa saba inakata masikio, nikasimama pembeni ya shamba na kanga mbili. Rukia akajifunga kitambaa puani, akaibeba mashine kama mtu anavyombeba mtoto wake, akazunguka mkorosho mmoja taratibu, akainama kuangalia matawi ya chini, akaupandisha unga mpaka kileleni, akaenda wa pili. Alipozima ili aongeze salfa nikamsikia anaimba. Ndani ya kitambaa, peke yake, kwenye baridi ile, anaimba.

Niseme ukweli kwa kuwa nimeshasema mengine yote: nilikasirika. Siyo kwake. Mimi nimelima miaka hamsini, na kila nilipoimba shambani nilikuwa nadanganya njaa. Wivu ulinishika, wivu kwa mjukuu wangu mwenyewe, nikajua ndio huo uliokuwa unanifokesha tangu arudi, nikiuita uchungu wa ada niliyomlipia.

Nimeapa sitaisemea uongo kazi ya mtu mwingine tena, na mashine ile sitaigusa hata ikiwa inaungua. Sijawa mpole, msidhani. Asubuhi ile Rukia alinigeukia akapaza sauti, "Bibi, sogea, umesimama kwenye upepo, unga unakuja kwako!" Kinywa kikafunguka kumjibu kwamba mimi nilikuwa shambani kabla mama yake hajazaliwa. Nikakifunga. Nikasogea, nimenuna, lakini nikasogea.