Mpira Nilioupaka Mawese

Uwanja uliotutesa kuliko vyote ni wa Lubondja. Nyuma ya goli la chini kuna mashine ya kukamua mawese, na maji yake machafu yenye mafuta yanateremka mpaka miguuni pa mlinda goli. Ardhi pale ni nyeusi na inateleza hata jua likiwaka. Mpira ukipita hapo mara mbili tu, umeshavaa mafuta. Kwa hiyo timu inayokwenda Lubondja huchagua mpira kwanza, wachezaji baadaye.

Yetu ni timu ya akina mama wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, walimu na wauzaji wa soko. Wengi tumeshazaa, wengine wanacheza na vitambaa vyao kichwani na suruali ndefu, na hakuna anayekimbia nusu saa bila kushika kiuno. Mimi nilikuwa mtunza mpira. Mlinda goli alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, ambaye anauza mawese sokoni.

Leo mtu akiniuliza kuhusu mpira wa Lubondja, namjibu bila kufikiri. Ule unaong'aa kama sahani mpya, wanaoupanga mbele dukani, auache hukohuko. Atafute wenye ngozi ya vipele vipele, unaokwaruza kidogo vidole ukiupapasa. Asikubali muuzaji aujaze upepo mpaka uwe jiwe, maana mpira mgumu wenye mafuta unaruka mikononi. Akiubonyeza kwa dole gumba, liingie kidogo. Mishono iwe imebana, kwa kuwa mafuta yakiingia humo hayatoki. Ukitoka kuchezwa unaoshwa siku hiyohiyo, kwa sabuni ya kipande na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, halafu unakaushwa kivulini. Wanaouanika juu ya bati ili ukauke haraka wasije kunililia ngozi ikipasuka! Kuusugua kwa mchanga wa ziwa nako hapana, mchanga unakula uzi. Mlinda goli naye ajipake unga kidogo wa muhogo viganjani.

Haya yote nilikuwa siyajui siku ninayotaka kuieleza.

Mpira tuliokuwa nao wakati ule ulikuwa wa ngozi, ulikuja kwa boti kutoka Uvira ukiwa umeshatumika. Ngozi ilikuwa imeanza kukauka na kuweka nyufa. Marehemu baba alikuwa akiupaka mkanda wake mawese, na mkanda ule ulidumu miaka na miaka. Basi, siku moja kabla ya mechi, niliupaka mpira mawese. Niliusugua mpaka ukawa mwekundu, mzuri kweli, nikaufuta na kuufunga ndani ya kitenge cha zamani. Nilijiona fundi.

Tulifika Lubondja kwa pikipiki, manyunyu yakianguka. Kipindi cha kwanza mdogo wangu alisimama kwenye goli la juu, ambako tone la mafuta ya mashine halifiki. Mabao mawili yakapita katikati ya mikono yake, mipira myepesi ambayo hata mtoto angeidaka. Wenzetu wakaona kwamba uwanja hauna kosa, na kama uwanja hauna kosa, basi kosa ni mikono.

“Mikono ya kuuzisha mawese, itashika nini?” mama mmoja akasema, na wote wakacheka.

Wakati wa mapumziko niliuokota mpira, na vidole vyangu viking'aa nikaelewa kila kitu. Mdogo wangu asingeweza kugundua, kwani mikono yake inanukia mawese kila siku ya Mungu. Nilinyamaza. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba akijisugua viganja kwa majivu mpaka vikawa vyeupe. Nikampa taulo. Ndiyo, taulo tu.

Hakurudi uwanjani. Kwa miaka mitatu aliwapita akina mama wa timu sokoni bila kusimama. Mimi nikageuka mkali wa mpira, nikajifunza kuuchagua na kuuosha, na watu wakanisifu kwa uangalifu wangu. Kila sifa ilinichoma.

Mwaka huu Lubondja walituita tena, na mlinda goli wetu mpya alikuwa amehamia Bukavu. Timu ikanituma nikambembeleze mdogo wangu. Nilimkuta kwenye meza yake, anamimina mafuta kwenye chupa.

“Mikono yangu iko na mafuta, yaya,” alisema, yaani dada mkubwa, kama anavyoniita siku zote. “Batu bote banajua ile.”

“Haikukuwa mikono yako. Mi njo nilipaka mupira mawese. Nilizani itasaidia ngozi.”

Hakuinua macho. Aliendelea kumimina mpaka chupa ikajaa, akaifunga, akaipanga pamoja na nyingine.

“Ulijua siku gani?”

“Siku ile ile.”

“Na uliniona naosha mikono na majivu, ukanyamaza.”

Nililia pale mbele ya meza yake. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kisha akasema, “Utasema mbele ya bote. Ukisema, nitakuja.”

Nilisema siku ya mazoezi, wote wakiwa wamesimama. Mama yule aliyetaja mikono alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akatazama chini. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu na sikugeuka kumwangalia.

Kule Lubondja mdogo wangu alilinda magoli yote mawili, la juu kipindi kimoja na la chini kingine, unga wa muhogo viganjani. Bao moja liliingia, nalo hakuna ambaye angelizuia. Filimbi ilipolia nilimwendea nikinyoosha mikono niuchukue mpira nikauoshe, kama ilivyokuwa kazi yangu. Akaubana kwapani.

“Hapana, yaya. Hii italala kwangu.”

Nilifikiri ni hasira ya siku moja. Mpira uko kwake mpaka leo, na anautunza vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Siku ya mazoezi nabisha hodi kwa mdogo wangu kama mchezaji mwingine yeyote, nasubiri mlangoni, na yeye anautoa nje akiwa ameushika mwenyewe.