Fonti ya "kirafiki" iliyoweka pua za nguruwe kwenye bucha yangu ya halali

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliolala na mlioamka.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Bwera na nusu ya soko ni mashahidi. Anayebisha aje, ataonyeshwa hata matundu ya misumari ukutani.

Mimi nauza nyama. Bucha niliachiwa na marehemu baba, iko kwenye barabara ya kwenda mpakani. Miaka yote haikuwa na kibao. Watu walijua tu kwamba pale ni halali, kwa sababu anayechinja ni Mzee Isa.

Mzee Isa mumjue vizuri, maana bila yeye huu uzi haupo. Alianza kumchinjia baba kabla mimi sijaota meno. Kurani anaisoma vizuri sana, ila hizi ABC za shule hakuzipitia. Waislamu wa hapa wananunua mkono wake, hawanunui bucha yangu. Siku akiondoka, mimi nabaki na mizani na nzi.

Sasa, jirani wa ng'ambo ya barabara akafungua bucha mpya, ya halali pia. Vioo, taa, kibao kinachowaka mchana kweupe. Roho ikaniuma. Nikajiambia na mimi nahitaji branding.

Ndiyo, nilitamka hilo neno kwa mdomo wangu. Chekeni, nina ngozi ngumu.

Nikaenda Kasese mjini kwa dizaina mmoja anayesifiwa. Jina simtaji, atapata wateja bure. Jamaa amevaa kofia ndani ya nyumba, laptop imejaa stika mpaka huoni rangi yake. Nikamwambia aandike NYAMA HALALI YA NG'OMBE, MBUZI NA KONDOO. Nilidhani ni kazi ya nusu saa.

Akaniangalia kwa huruma. Akasema herufi za kawaida zimekaa kama barua ya polisi. Brand yangu inatakiwa iwe playful, iwe friendly, "iongee na mteja".

Wakuu, ng'ombe ameshachinjwa, utani wa nini tena? Anataka kuongea na nani?

Lakini pale sikuuliza. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Akafungua fonti ya bure aliyoiokota mtandaoni. Herufi nene, za mviringo, kama zimejazwa upepo. Kila O ina vitundu viwili katikati, eti ni kifungo cha shati. Fonti yenyewe haina ile alama ya juu kwenye ng'ombe, basi msomi wetu akaweka kimoyo. NG, kimoyo, OMBE. Halafu yote akayapaka pinki, kwa maelezo kwamba nyama mbichi ni pinki.

Kwenye laptop ilipendeza, nakiri. Kitu kikiwa na ukubwa wa kiganja karibu kila mara kinapendeza.

Kibao kikaja Bwera juu ya gari, na dizaina mwenyewe akaja kukipigilia. Hapo sasa O moja ina ukubwa wa sinia. Mzee Isa akatoka nyuma, kisu bado mkononi, akatazama kwa muda mrefu.

"Pua ya nguruwe iko nne hapa," akasema. "Ya nini?"

Dizaina akacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia dizaina kwa Kiingereza asisumbuke, huyu mzee hajui kusoma.

Mzee Isa hajui Kiingereza, lakini kicheko anakijua. Akarudi nyuma kwenye nyama yake.

Siku ya pili akaingia mama mmoja wa Butembo, mfanyabiashara anayevuka mpaka siku za soko, rozari shingoni.

"Patron, unipatie kilo mbili ya nguruwe. Ile iko na mafuta mingi."

Nikamwambia, mama, hapa ni kwa Waislamu, hiyo hatuuzi.

Akatoka nje, akatazama juu, akarudi.

"Sasa juu ya nini mumetia mapua yake kule yulu? Munasumbua batu bure!"

Akaondoka amenuna, na alikuwa na haki. Nikavuka barabara, nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikakitazama kibao changu kama mpita njia. Pua. Pua nne za pinki, na mbili zimebanana mwisho wa KONDOO kama ziko bandani. Kifungo sikukiona tena, na mpaka leo sijaweza kukiona.

Nikampigia dizaina. Anasema niwape watu muda, soko huwa linazoea brand taratibu.

Na mimi, mpumbavu aliyesoma, nikakiacha.

Ijumaa Mzee Isa alitoka msikitini akaja dukani moja kwa moja, uso umebadilika. Kuna watu walikuwa wamemuuliza, mbele ya wenzake, siku hizi anachinja nini. Mtu aliyeuchinjia mji huu maisha yake yote! Akakusanya visu vyake, akavifunga kwenye kitambaa, akapanda gari kwenda kwa binti yake Rukoki. Hakuaga.

Jumamosi nikachukua nyama iliyochinjwa kwingine. Ilining'inia mpaka jioni. Wateja wa baba walipita, wakanisalimia vizuri kabisa, wakaniulizia hali ya watoto, halafu wakavuka barabara.

Jioni hiyo niling'oa kibao kwa mikono yangu. Jumapili nikaenda Rukoki.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia, Mzee, kibao nimekitoa, fonti ilikuwa mbaya, nisamehe.

"Mimi hapana jua fonti," akasema bila kuinua macho. "Wewe naomba samahani ya kibao ama ya kucheka?"

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kumlaumu dizaina njia nzima kutoka Bwera. Hotuba yote ilikufa pale pale. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Ya kucheka, Mzee."

Akapukuchua maharage mengine mawili matatu.

"Basi. Mimi naona sura tu, hiyo maneno sisomi. Na watu ya Bwera mingi iko kama mimi. Kibao ingine ukiandika, mimi naangalia kwanza."

Kibao kipya alikiandika fundi anayeandika milango ya malori. Brashi, rangi nyeusi, herufi wima zisizo na utani na mtu. Mzee Isa alikizunguka mbele na nyuma kama anayenunua ng'ombe. Akauliza kinasema nini, nikamsomea neno kwa neno. Akasema sawa, akaenda kunoa visu.

Na dizaina? Fonti ileile ameipeleka kwa muuza nguruwe mmoja pale Kikorongo. Nimepita nikaiona. Pinki, pua, kila kitu, na mabasi yanasimama. Jamaa amejaza wateja mpaka barabarani. Kwa hiyo fonti ni nzuri, nakubali kwa uchungu, ilikosea mlango tu. Lakini kazi ya kujua mlango ni ya nani? Yangu na yake, na wote wawili tulikuwa tunacheka.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujalipia logo, ikuze iwe na ukubwa wa mlango, kisha mwite mtu asiyejua kusoma aitazame. Wewe unayejua kusoma utasoma maneno uliyoyaandika mwenyewe, na macho yako yatakudanganya. Yeye atakuambia kilichoko pale. Na akikuambia, funga mdomo usikilize.

Haya, madizaina mliomo humu njooni mjitetee, na wenye vibao vya aibu msinifiche, wekeni picha. Nitajibu kila mtu. Nina muda, Mzee Isa alichinja alfajiri na saa nne asubuhi nyama yote ilikuwa imekwisha.