Nailoni Mbili Ukutani

Dada yangu ni fundi cherehani, na majirani wanamwita Pindo, kwa sababu pindo likienda kombo hata kidogo hulifumua, mteja awe na haraka ya namna gani. Tabia hiyo imenichosha tangu utotoni. Mwaka niliokaa kwake ndipo nilipoishukuru.

Alipanga vyumba viwili vya chini, mwenye nyumba akikaa ghorofani. Ukungu ulianzia nyuma ya kitanda cha mwanawe wa miaka minne, vidoa vyeusi, ukapanda hadi darini. Pindo akausugua kwa sabuni, ukarudi. Mtoto akaanza kukohoa, na daktari akasema waziwazi: ukungu usipoondoka, kifua hakitapona.

Mwenye nyumba akaja, akasimama mlangoni.

"Ni pasi yako hiyo, mama. Unajaza mvuke kutwa nzima na dirisha umefunga. Nyumba yangu haina kasoro."

Nilitaka kumpa vidonge vyake. Pindo akaninyamazisha kwa jicho.

"Inawezekana, mzee," alisema.

Inawezekana! Nilikasirika siku nzima. Ila ni kweli, dirisha alikuwa akilifunga ili vumbi lisichafue vitambaa vyeupe vya wateja.

Fundi bomba mmoja, mteja wake, ndiye aliyemfundisha la kufanya. Bandika nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, subiri siku mbili. Unyevu ukitoka hewani, maji yatakaa upande wa chumbani. Ukitoka ukutani, yatajificha nyuma. Pindo akabandika mbili, moja karibu na meza ya pasi, nyingine nyuma ya kitanda.

Ya mezani ililowa upande wa chumbani. Ya kitandani ilikuwa kavu kwa nje, na nyuma yake matone yanachuruzika.

Mimi ningeificha ile ya kwanza. Yeye alimwita mwenye nyumba na kumwonyesha zote, akianza na iliyomuumbua mwenyewe.

"Hii ni yangu. Kuanzia leo napigia pasi barazani, na dirisha halifungwi. Hii nyingine ni yako, mzee. Juu ya kitanda hiki kuna bafu lako."

Mzee akaguna. Bafu lile alikuwa amelitengeneza juzijuzi, vigae vinang'aa, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kutembezwa humo. Badala ya fundi bomba akatuma fundi wa rangi. Rangi, jamani! Pindo akamrudisha kwa heshima.

"Kaka, wewe huna kosa. Lakini ukuta huu haupakwi leo."

Wiki tatu, kila Jumatatu na Alhamisi, alipanda ngazi na nailoni mpya, maji yakiwa upande uleule. Meza ya pasi ilishahamia nje, na ukuta wa upande ule ulishakauka. Hakupayuka hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma yake siku mzee alipofoka.

"Kwa hiyo unataka nivunje bafu langu jipya?"

"Bafu lina fundi, mzee. Likivunjwa litajengwa. Kifua cha mwanangu kikiharibika, nikipeleke kwa fundi gani?"

Huko chini mtoto akakohoa, kikohozi kirefu, na sote watatu tukakisikiliza mpaka kikaisha. Mzee aliingia stoo, akatoka na nyundo.