Ubeti Unaorukwa

Mume wangu si mtu wa kuimba. Hata siku ya harusi yetu, watu wakiitikia kaswida, yeye alichezesha midomo tu kama anayetafuna karafuu. Kwa hiyo asubuhi niliyomsikia akiimba huku anapiga pasi shati la kazi, niliinua kichwa kutoka kwenye mto. Sauti ilipanda taratibu, ikashuka taratibu, kama ya mtu anayekwenda kuposa akiwa na hakika ya kukubaliwa. Maneno yalikuwa ya kigeni. Nililoshika ni moja tu, la kwanza, ambalo alilirudia na kulirudia: Ainika.

"Ainika ndiye nani?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo unayemwimbia."

"Ah, nyimbo tu hiyo, mke wangu. Ya watoto wa madamu."

Madamu ni mama wa Kijerumani ambaye mume wangu alikuwa dereva wake hapa Doha. Asubuhi aliwapeleka watoto shule, mchana akampeleka madamu sokoni na kokote alikotaka. Mimi natandika vitanda hotelini. Kila mmoja wetu alikuja Qatar kwa viza yake, tukajibana mpaka tukapata chumba Al Wukair, katika nyumba kubwa iliyogawanywa kwa mbao na kupangishwa watu wengi. Yeye kwao Tanga, mimi kwetu Unguja, na shaka nimezaliwa nayo. Mama yangu alikuwa akilinusa shati la baba kabla ya kulifua, na sijawahi kuona ubaya wowote katika tabia ile.

Wiki iliyofuata nikamsikia vizuri zaidi. Alikuwa anasema Ainika Kaiti. Sasa mwanamke alikuwa na jina lake na la baba yake.

Nilinusa mashati. Yalinuka sabuni yangu mwenyewe, na hilo halikunituliza hata kidogo, maana mwizi mzoefu haachi nyayo. Simu yake sikuigusa. Kwetu tunasema ukimchunguza sana bata humli, na mimi bata huyu nilikuwa bado namtaka. Lakini sauti ya wimbo ilishanikaa kichwani, nikawa naitoa puani bila kujijua. Siku moja tunakunja mashuka, mwenzangu wa kazi, Mkenya, mlokole asiyekosa ibada, akaacha shuka likaning'inia.

"Wee! Hiyo tune umeitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Si ni ya church hiyo! Sisi huimba hiyo Sunday. Ni nani amekufunza?"

"Mume wangu."

"Si ulisema yeye ni Muislamu?"

"Ndiyo."

Akanitazama kwa huruma, akavuta shuka lake. "Basi acha Mungu afanye kazi yake," akasema.

Nilirudi nyumbani na hofu mpya. Mwanamke mwenzangu ningepambana naye, lakini kanisa ningepambana nalo vipi? Jioni ile nikakaa kitandani najifanya nachagua mchele, kumbe naangalia udhu wake. Alitawadha vyema. Akaswali magharibi kwa utulivu, tena akaongeza sunna. Nikasema moyoni, anazidisha ili nisishuku.

Ukafika mwezi wa kumi, na Wajerumani wakakodi ukumbi wa hoteli yetu kusherehekea siku ya nchi yao kuungana tena. Mimi nilipangwa kwenye vyoo vya wanawake, mlango wa pili kutoka ukumbini, kupangusa sinki na kutoa taulo. Alasiri ile kelele za ukumbini zikakatika ghafla, viti vikasogezwa, watu wakasimama. Kisha muziki ukaanza.

Ulikuwa ule ule. Neno la kwanza tu, watu wote kwa pamoja, wanaume na wanawake, wakamwita Ainika Kaiti.

Nilisimama na taulo mkononi. Ni mwanamke gani huyu anayeimbwa na ukumbi mzima? Muda si muda madamu akaingia kunawa mikono. Tulikuwa tunajuana, Idi iliyopita alikuja mlangoni kwetu na keki. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha hotelini, Ainika Kaiti ni nani.

Alicheka mpaka akashika sinki. Akaniambia ule ni wimbo wa taifa wao, na neno lile si mtu. Maana yake ni umoja.

Wallahi nilitaka kumkumbatia. Umoja! Nilimpa taulo mbili badala ya moja. Akajipangusa, akanitazama kwenye kioo kwa upole, akasema, "Nitamkosa sana dereva wangu. Na wewe, utamfuata lini huko Ujerumani?"

Nikamjibu, "Inshallah." Habari ya safari ndiyo kwanza naisikia.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Aliporudi msikitini nikampakulia wali na mchuzi wa nguru, nikakaa mbele yake.

"Nieleze ule wimbo wa taifa wa Wadachi, hao Wajerumani wako," nikamwambia.

Tonge likasimama njiani. Alijua kwamba najua, na akafanya wanavyofanya wanaume: akachagua swali jepesi. Akaanza kunifundisha kama mwalimu. Alisema sauti ile si ya Wajerumani hata kidogo, ilitungwa na mtu wa Austria kumwombea dua mfalme wake. Watu wa kanisa nao wakaichukua, wakatia maneno yao. Hapo sikumcheka, maana wimbo wetu wa taifa nao sauti yake ilitoka Afrika Kusini. Maneno, akasema, yaliandikwa na mshairi mmoja zamani, wakati Ujerumani ilikuwa bado vijifalme vingi kila kimoja na mpaka wake, naye akitaka viwe nchi moja. Aliyaandikia kisiwani, na kisiwa chenyewe kilikuwa mkononi mwa Waingereza.

"Halafu sikia," akasema, uso umemchangamka. "Kisiwa hicho baadaye Mwingereza alimpa Mdachi. Na katika mapatano hayo hayo, Mdachi akakubali Unguja iwe chini ya Mwingereza. Unaona? Kwenu na kule mna udugu."

"Huo si udugu, hiyo ni biashara. Na wenye kisiwa hawakuulizwa."

Akakohoa. Akanywa maji.

"Umoja, haki na uhuru," akaendelea. "Ndiyo maana yake. Ila huo ni ubeti wa tatu. Wanaimba huo peke yake."

Mimi nimekulia kwenye mashairi. Kwetu hata mtoto anajua kwamba shairi lina mlango, na mlango wake ni ubeti wa kwanza. Mtu akiingilia kwa ubeti wa tatu, lazima niulize amepitia wapi.

"Na mbili za mwanzo zina nini?"

Akasema wa kwanza unataja mito ambayo leo si yao, na unaiweka nchi yao juu ya vyote. Mshairi alikusudia juu ya ugomvi wa wale wafalme wadogo, lakini wale walioiwasha vita kuu ya pili waliuimba kwa maana ya kuwakanyaga wengine, na tangu hapo umekuwa aibu. Hilo nililielewa. Maneno hayabaki kwa aliyeyasema.

"Na wa pili?"

Akababaika. "Wa pili ni... wanawake wao, uaminifu wao, mvinyo wao na nyimbo zao."

"Wanawake na uaminifu vimo ubeti mmoja?"

"Ndiyo."

"Na ndio huo unaorukwa?"

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo na mwanamume huyu, na nilikuwa naogopa pia, nayasema yote mawili.

"Na mimi umeniruka tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," akasema.

Yakatoka sasa. Kazi ya kuendesha basi katika mji mmoja wa kule. Mtihani wa lugha aliousomea kwenye simu akiwasubiri watoto shuleni, na madamu kumshauri aimbe ili ulimi ulainike. Viza ya mtu mmoja. Mke atafuata baadaye, akishapata nyumba, na mke naye akishajua lugha. Alikuwa anangoja jambo liive ndipo aniambie.

"Kama kazi hiyo ningeipata mimi," nikamuuliza, "ungeniruhusu niende?"

Mume wangu anaweza kunyamaza mwaka mzima, lakini ukimuuliza jambo uso kwa uso hajui kudanganya.

"Nisingekuruhusu," akasema.

"Mimi ningekuruhusu, laiti ungeniuliza."

Alifumba macho. Mchuzi ulikuwa umeshapoa, nikaubeba kwenda kuupasha moto.