Ubao Mbichi katika Droo ya Suzanne

Ukipofuka leo, kesho utakipata wapi kijiko chako?

Mama Suzanne, jirani yetu hapa Shituru mjini Likasi, alilazimika kulijibu swali hilo. Macho yake yalififia polepole, na daktari wa macho alikuwa Lubumbashi, kana kwamba sisi wa Likasi tunaona kwa visigino! Mwaka huu akabaki akitofautisha mchana na usiku tu. Ndipo bintiye Gaëlle, aliyeolewa Lubumbashi, alipotuma neno: Jumapili anakuja. Akimkuta mama hawezi kujihudumia, ataondoka naye.

Suzanne hakutaka kuiacha nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. "Kule nitakuwa kama valise," aliniambia, yaani sanduku la safari. "Batanitoa kwa kona, batanirudisha kwa kona."

Mumewe, Papa Zéphirin, ni seremala. Zamani alifanya kazi ya mbao kiwandani. Sasa anatengeneza vitanda na majeneza uani kwake. Alipima droo ya kabati la jikoni, tiroir kama tunavyosema hapa, apate kuigawa kwa vibao vyembamba: visu mahali pake, vijiko mahali pake, kiberiti pake, chumvi pake. Nyuma ya mlango aliweka mbao za mulombwa zilizokauka vizuri, kwa kazi hiyo tu.

Kabla hajazikata, akafa jirani yetu Philippe. Wanawe wakaja kutafuta mbao za jeneza. Huku kwetu seremala hawanyimi wafiwa, na mbao kavu huwa zao kwanza. Mimi nilikasirika.

"Papa, mubape ile ya mubichi! Si inaenda mu udongo?"

"Mubichi inaachana njiani, kijana. Unataka ba Philippe aanguke mbele ya bajukuu bake?"

"Na mama?"

"Mama iko muzima. Ataweza kungoja."

Lakini Jumapili haikungoja. Akaigawa droo kwa ubao mbichi, na juu ya kila ukingo akachonga mikato ya kusomwa kwa vidole: mmoja kwa visu, miwili kwa vijiko, na kuendelea. Suzanne alijifunza upesi. Jioni umeme ulipokatika nikagonga paji langu mlangoni mwao, akacheka mpaka akakohoa. "Pole, monsieur université! Kama courant inaenda, minye njo bourgmestre ya hii quartier!" Yaani umeme ukikatika, meya wa mtaa ni yeye.

Jumapili, baada ya misa, Gaëlle alifika. Mama yake akamwelekeza kwenye kiti.

"Ikala, mwana. Chai ni minye nitatengeneza."

Mbabula, jiko letu la makaa, ilikuwa inawaka karibu na kabati, kama kila siku. Akatia sufuria juu ya makaa, akaigusa droo. Ilitoka kiasi cha kiganja, ikakwama. Joto lilikuwa limeupinda ubao mbichi, na ukingo wake ulikuwa umeinuka na kushika ubao wa juu wa kabati. Zéphirin akasimama.

"Bakia pale!" Suzanne akasema. Akavuta kwa nguvu zake zote.

Droo ilichomoka nzima. Visu, vijiko, chumvi, njiti za kiberiti, vyote vikatawanyika sakafuni. Akapiga magoti kuvitafuta, na kisu kikamkata kiganja.

"Kosa ni ya mbao, dada Gaëlle!" nilipiga kelele. "Haiko ya mama!"

Gaëlle alikuwa anafunga mkono wa mama yake kwa kilemba chake, huku analia. "Na siku ataangukia mbabula, weye njo utakuwa hapa?"

Nilitaka kumtukana, nikakosa hata tusi.

"Muache kugombana," Suzanne akasema. "Nitaenda."

Zéphirin alikuwa ameinama, anaokota njiti za kiberiti na kuzirudisha mahali pake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kusaidia kubeba mizigo. Suzanne alikuwa ameshaketi garini. Zéphirin akatoka ndani na ile droo tupu mikononi. Alikuwa amepiga randa kingo zilizoinuka, akachonga mikato upya.

"Papa, kule kwangu hakuna kabati ya hii tiroir," Gaëlle alisema.

"Najua."

Akaiweka mapajani mwa mkewe, akafunga mlango. Gari lilipoanza kwenda nilimwona Suzanne dirishani, mkono wake wenye kitambaa ukipita juu ya ukingo, polepole, ukitafuta palipo na mikato miwili.