Mtaro wa Florentin

Mama Musau aliletwa Kindu na treni kutoka Kamina akiwa bibi harusi, na kati yetu tunaokaa avenyu ile nyuma ya stesheni hakuna asiyemjua. Mumewe, Mpoyi, mtu wa Kasai, alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Walipata parsele yao, kiwanja cha kujenga, wakati treni bado zilikuwa zinafika, na walijenga nyumba ya matofali yenye madirisha makubwa kwa sababu Mpoyi alipenda mwanga.

Parsele hiyo ilikuwa na kasoro moja ambayo wakati ule hakuna aliyeiita kasoro. Haikugusa avenyu. Mbele yake palikuwa na parsele ya watu wengine. Upande mmoja ulisimama ukuta mrefu wa ghala, upande wa pili kulikuwa na korongo ambalo mvua ililipanua kila mwaka, na nyuma waliishi majirani ambao mlango wao ulitazama avenyu nyingine. Mama Musau alitokea kwa kijia kilichopita pembeni mwa parsele ya mbele. Baiskeli yenye magunia iliweza kupita hapo, na hakuna aliyewahi kuuliza kijia ni cha nani.

Vita vilipoanza, treni zilikoma. Mpoyi alikuwa amesema watangoja ya mwisho waende Lubumbashi, lakini ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Halafu ukaja mwaka wa 2002, mji ukafungwa. Waasi walikuwa ndani, wanamgambo wa Mai-Mai walikuwa nje msituni, na sisi raia tulikuwa katikati. Ukienda shambani unaitwa jasusi, ukirudi unaulizwa umempelekea nani chakula. Mpunga wa barabara ya Kibombo uliiva ukamalizwa na ndege. Watu walikula matembele waliyopanda kando ya choo na sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi.

Kisha askari wakaanza kukamata wanaume wa kuwabebea mizigo, na wengi waliochukuliwa hawakurudi. Mama Musau akampandisha mumewe juu ya dari, kwenye nafasi kati ya mbao na mabati ambapo mtu hawezi kuketi, analala tu. Mchana mabati yaliwaka moto. Mpoyi alikuwa na kikohozi kikavu, na kila alipokibana kilimtoka kwa nguvu zaidi. Basi kila askari walipopita avenyu, Mama Musau aliketi chini ya dari na kutwanga. Kinu kilikuwa kitupu. Mchi uligonga mti mkavu, du, du, du, ili kikohozi kisisikike.

Jirani wa nyuma, Bi Faila, alisikia. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani wa Kindu, mjane mwenye watoto wadogo. Wakati ule parsele zao zilitengwa na uzio wa miti tu. Siku moja alikuja uzioni na bakuli, akamwita Mama Musau kwa jina la binti yake, Douce.

“Mama Douce, unisaidie hata na pumba. Watoto wamelala chini, hawaamuki.”

“Dada yangu, sina kitu. Kinu iko tupu.”

Bi Faila alimtazama machoni kwa muda, kisha akarudi kwake na bakuli lake. Kesho yake mchi ulilia tena.

Amani iliporudi, jambo la kwanza alilofanya Bi Faila, kabla hata ya kuziba matundu ya risasi mlangoni mwake, lilikuwa kuchoma matofali na kujenga ukuta mahali pa ule uzio, mrefu kuliko kichwa cha mtu. Mama Musau alimfuata sokoni mara moja amweleze. Bi Faila aligeuza uso akaendelea kuchagua samaki. Alikufa bila kumsalimu tena, na nyumba ikabaki kwa binti yake, Latifa, ambaye leo anakaanga mikate ya kuuza na ni mama wa Ayoubu.

Miaka ikaenda. Douce, binti pekee wa Mama Musau, akaolewa Kalemie. Mpoyi akapata ugonjwa ulioua upande wake wa kulia, akabaki na maneno machache. Kila asubuhi mkewe alimweka kwenye kiti cha magurudumu na kumsukuma kwenye kijia hadi ukingoni mwa avenyu. Hapo alikaa chini ya kofia yake ya reli, akiwasalimu wapita njia kwa mkono wa kushoto. Tulizoea kumwona. Ndiyo ilikuwa dunia yake yote iliyobaki.

Kiangazi cha mwaka jana, parsele ya mbele ikauzwa kwa Florentin, mnunuzi wa dhahabu kutoka mji wa Kama. Florentin alitaka etaji, nyumba ya ghorofa, na alitaka upesi. Malori yalimwaga mchanga na mawe mpaka katikati ya avenyu. Mashine ya kukoroga zege ilinguruma kuanzia alfajiri, na msumeno wa kukata vyuma ulilia hadi meno yakauma. Vumbi la simenti liliingia kwenye sufuria zetu. Lakini sisi tulisumbuliwa tu. Mama Musau alizibwa. Ukuta wa Florentin ulipanda mbele ya madirisha yake, karibu hivi kwamba angeweza kuunyooshea mkono na kuugusa, na sebule ikawa giza saa sita za mchana. Kisha wafanyakazi wakachimba msingi wa ukuta wa uzio, wakakata kijia chote. Mtaro ulimfika mtu mzima kifuani. Waliweka mbao mbili za kuvukia, na kiti cha Mpoyi hakikuweza kupita juu yake.

Mama Musau alimwendea Florentin shantieni, pale penye ujenzi.

“Papa Florentin, hii njo njia yangu. Sina ingine.”

“Mama, mimi nilinunua parsele yote mpaka kwa ukuta ya ghala. Njia haikuwa ndani ya bei.”

“Na mugonjwa wangu atapita wapi?”

“Unipe muda. Nikimaliza tutaona.”

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Msumeno ulipoanza, Mpoyi aliinua macho kwenye dari. Giza lile, kelele zile na joto vilimrudisha mahali ambapo mkewe alidhani alishatoka. “Wamepita?” alinong'ona. Mkewe alimjibu kwamba ni wajenzi tu. Baada ya kitambo akauliza tena, “Wamepita?” huku akibana mdomo kwa kiganja.

Ndipo Mama Musau akaenda komini, kwa serikali ya mtaa. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya ujenzi asubuhi nyingi kabla hajasikilizwa. Hatimaye akatumwa ajenti mmoja, Gédéon, kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi, na kopo la rangi nyekundu. Gédéon alipima, akatikisa kichwa, akauliza ruhusa ya kujenga, na hakuna aliyeweza kumwonyesha. Akachovya burashi, akaandika kwenye ukuta wa Florentin kwa herufi kubwa: ARRÊT DES TRAVAUX. Kazi isimame. Watu wa avenyu tulipiga makofi. Mama Musau alimpa Gédéon mkono kwa heshima, akainama kidogo, macho yamejaa machozi.

Kesho yake wafanyakazi wakakusanya vifaa vyao. Wakachukua koleo, ndoo na mashine. Wakachukua na zile mbao mbili.

Mvua za kwanza zikanyesha. Maji ya avenyu yote yakaingia kwenye mtaro, kingo zikalainika, na mtaro ukapanuka. Mama Musau akatafuta ngazi ya mti. Alishuka ndani ya maji ya matope hadi kiunoni, akapanda upande wa pili, akaenda sokoni na nguo iliyolowa. Mumewe alibaki gizani.

Alipomwona Gédéon kwenye avenyu alimkimbilia.

“Mwanangu, asante kwa kazi. Sasa mutu wa kufukia ule mutaro atakuja lini?”

“Mama, shantie imefungwa na Leta, ni serikali. Hakuna mutu iko na ruhusa ya kugusa hata jiwe moja.”

“Lakini mimi njo nilileta mashitaka.”

“Ni kweli. Na tulikusikiliza. Sasa kesi iko kwa tribinali, tunangoja iseme.”

“Inasema lini?”

Gédéon alitazama viatu vyake. “Sijui, mama.”

Mama Musau akampigia simu Florentin, aliyekuwa amerudi Kama. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

“Ni wewe ulienda kuita Leta, mama. Basi Leta ikufungulie njia.”

Sisi vijana na wazee wa avenyu tulisema tufukie wenyewe siku ya Jumamosi. Shefu wa avenyu akatuambia atakayegusa atalala kashoti, yaani mahabusu, maana rangi nyekundu ni sheria. Tukarudi majumbani. Sisemi tulifanya vizuri. Tulimwachia mkate na maji ng'ambo ya mtaro, tukamsalimu kwa sauti, na tukaenda zetu.

Mwezi wa kumi na moja Mpoyi akashikwa na homa. Kifua kikaziba, pumzi ikawa inakwaruza. Wanaume wa kanisa lao walikuja mchana, wakamfunga kwenye shuka, wakajaribu kumvusha. Wa mbele alipoweka mguu ukingoni, udongo ukakatika, akateleza hadi majini, na kidogo amvute mgonjwa naye. Walimrudisha kitandani akitetemeka, matope usoni. Hawakujaribu tena.

Mama Musau aliwaacha wakiwa wamesimama sebuleni, akatoka uani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, akaugonga kwa kiganja.

“Mama Ayoubu! Latifa! Ni mimi, Musau.”

Ng'ambo mafuta yalikuwa yanachemka. Yakaondolewa motoni.

“Mama Musau. Uko na shida gani leo, hata ukumbuke jina yangu?”

“Baba Douce iko anakufa. Mbele njia imefungwa. Naomba nivunje ukuta, nipite kwako.”

“Ukuta hii mama yangu aliijenga na mikono yake.”

“Najua.”

“Unajua alijengea nini?” Sauti ya Latifa ilikuwa imesogea, sasa ilikuwa palepale nyuma ya matofali. “Nilikuwa mutoto. Nalala na njaa, nasikia unatwanga. Kila siku unatwanga. Mama akakuja kuomba pumba tu. Si unga. Pumba.”

“Kinu ilikuwa tupu, binti yangu.”

“Njo vile ulimuambia. Na ilikuwa inalia.”

“Ilikuwa inalia bure. Baba Douce alikuwa juu ya dari. Alikuwa na kikohozi. Nilikuwa natwanga ili askari wasimusikie.”

Mama Musau aliendelea, maana alijua akinyamaza hataweza kuanza tena.

“Nilimuona mama yako na bakuli yake. Nilitaka kumuambia. Nikaogopa. Si yeye tu, niliogopa kila mutu. Hata Douce sikumuambia, nilimudanganya baba yake alienda Kibombo. Mutoto alikuwa analala chini ya baba yake, anaomba Mungu amurudishe kutoka Kibombo.”

Wanaume wa kanisa walikuwa wametoka nje uani, wakasimama nyuma yake wakinong'onezana. Kutoka ndani walisikia ile pumzi ikikwaruza.

“Mama angefunga mudomo,” Latifa alisema mwishowe. “Mama yangu alijua kufunga mudomo.”

“Sasa najua.”

“Alikufa na hii kitu ndani ya roho.”

“Najua, binti yangu.”

Nyayo zikaondoka. Mama Musau akaweka paji la uso kwenye matofali, akiamini yamekwisha. Kisha nyayo zikarudi, nzito.

“Toka karibu na ukuta, mama,” Latifa alisema. “Na hao wanaume wasukume kutoka kwenu.”

Alikuwa ameleta mtaimbo. Ukuta wa Bi Faila ulikuwa imara, ulichukua muda kuanguka, na Latifa alikuwa analia kila alipopiga, lakini hakusimama. Mpoyi alipitishwa juu ya kifusi, kati ya makaa na beseni za unga, hadi avenyu ya pili ambako pikipiki zilingoja. Hospitali walimweka kwenye oksijeni. Aliishi.

Aliporudi, akiwa mwepesi kama mtoto, alipitishwa njia ileile. Gédéon naye akafika, maana mtu alikuwa amepeleka habari. Alisimama uani kwa Latifa na kopo lake.

“Nani alitoa ruhusa ya kutoboa ukuta?”

“Mimi,” Latifa alijibu, bila kuacha kukanda unga. “Unataka kuandika? Andika. Lakini kwanza pita kwa mulango ya mama Musau ya mbele, uvuke ule mutaro, ukuje kuandikia upande ule.”

Gédéon alikwenda kutazama mtaro. Alikaa huko kitambo. Aliporudi hakufungua kopo. Alisema tu kwamba atatoa ripoti, na kwamba tundu lile lisipanuliwe. Akaomba maji ya kunywa, akapewa.

Hiyo ndiyo hali mpaka leo. Tribinali haijasema neno. Florentin hajarudi, na vyuma vya etaji vimeota kutu. Vyura wanaishi mtaroni pamoja na taka za avenyu. Madirisha ya Mpoyi bado yanatazama matofali, na siku nyingine bado anauliza kama wamepita. Latifa na Mama Musau hawajawa marafiki, tusidanganyane. Wanasalimiana vizuri. Latifa hajamkatalia kupita hata mara moja, na Mama Musau hajapita hata mara moja bila kuomba.

Kaka zake Latifa walioko Kisangani wanazungumza kuiuza parsele ile. Mama Musau amesikia. Hajamwuliza Latifa kama ni kweli.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa Latifa nikinunua mikate. Walikuwa na wageni, wamekaa mkekani wanakula wali. Nikamwona Mama Musau kwenye tundu la ukuta, amevaa kitenge cha kanisa, Mpoyi mbele yake kitini na kofia yake kichwani. Kengele ya misa ilikuwa imekwisha kulia. Hakukohoa wala hakuita. Alishika mikono ya kiti, akangoja wageni wamalize kula.