Safu ya Asili Kwenye Kadi za Koo

Asubuhi yangu ya kwanza ofisini Mbulu, Mkuu wa Idara ya Utamaduni alinikabidhi bunda la kadi ngumu. Kila ukoo ulikuwa na kadi yake: jina, lugha, na safu iliyoandikwa ASILI.

"Msomi," aliniambia, "wewe jaza. Kufikiri niachie mimi."

Chuoni nilikuwa nimeandika insha kuhusu Waarvanite, Wagiriki ambao mababu zao walihamia Ugiriki wakizungumza Kialbania. Nilitetea haki yao ya kujiita Wagiriki, nikapata A. Nikajiona nimeiva.

Katika kijiji cha Maretadu, mtoa habari wangu, yaani mtu tuliyemhoji, alikuwa Mzee Safari.

"Babu yangu alikuwa Mdatoga wa Basotu," alisimulia akicheka. "Akaoa hapa, akalima hapa. Mimi Kidatoga najua cha kukemea ng'ombe tu. Mimi Mwiraqw kama wenyeji wa hapa, andika."

Nikaandika: Asili, Wadatoga wa Basotu. Basi. Mimi, mtetezi wa Waarvanite!

Nilipokuwa nimehamishiwa Katesh, kadi zile zilichapwa kuwa kijitabu. Jirani wa Mzee Safari akakipeleka kwenye baraza la kata.

"Serikali yenyewe imeandika! Huyu mgeni. Aache shamba, arudi kwao Basotu."

Kadi ya jirani huyo niliijaza mimi pia. Mababu zake, alijigamba, walitoka Ethiopia. Yaani aliyetoka Ethiopia ni mwenyeji, na aliyetoka Basotu hapo ni mgeni! Hasira hiyo sijaimaliza hadi leo.

Nilimwendea Mkuu. Nikaomba tuongeze safu ya jinsi watu wanavyojiita wenyewe.

"Ulichoandika ni uongo?"

"Hapana, mzee."

"Sasa unalia nini?"

Nikaenda barazani mwenyewe, nikakiri kwamba niliacha nusu ya maneno ya mzee. Wajumbe walinisikiliza kwa upole, kisha wakamgawia jirani nusu ya shamba la mzee ili yaishe.

Nimestaafu mapema, na barua ya pongezi inasema nilihifadhi historia ya koo. Mwaka huu nilikwenda Maretadu kumwamkia mzee. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nikamuuliza kama wajukuu wanaijua habari ya babu wa Basotu.

"Hawaijui," alisema. "Na wewe usiwaambie. Hiyo nusu ya shamba iliyobaki ndiyo watakayolima."